Ng'ombe wa dada na safari ya Ulaya

MPENZI msomaji, wiki iliyopita hukuniona hapa, na najua wapo waliosema nimefukuzwa kazi, wengine ati nimelazwa. Poleni. Sikufukuzwa wala sikuumwa. Nilikuwa kwetu Upareni, kule Vudee, milimani juu ya mji wa Same, kwenye kikao cha ukoo kilichoitishwa kwa dharura kwa sababu ya ng'ombe.

Najua mshaanza kucheka. Watani zetu Wachaga wana kisa wasichochoka kukisimulia, kwamba Mpare akiibiwa kuku yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Haya, chekeni mmalize. Safari hii hakukuwa na kuku wala kesi. Safari hii kulikuwa na mpira.

Kisa kilianza Jumatano usiku, dada yangu mkubwa aliponipigia simu. Dada si mtu wa maneno mengi kwenye simu. "Mdogo wangu, njoo Jumamosi usikose. Mwanao anataka tuuze ng'ombe aende Ulaya." Akakata.

Huyo anayemwita mwanangu ni mpwa wangu, kitindamimba wake, miaka 16, kidato cha tatu. Na tusidanganyane, mpira anaujua. Anacheza winga ya kushoto na ana mbio za mbuzi wa mlimani. Mtu aliyekulia kwenye kiwanja cha mteremko, ambako ukipiga fyongo unaufuata mpira bondeni nusu saa, ukimshusha kwenye uwanja wa tambarare anaona kama anacheza sebuleni. Mwaka huu alichaguliwa timu ya wilaya ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, na huko ndiko alikoonwa.

Aliyemwona si kocha. Ni bwana mmoja wa mjini, miwani myeusi, simu mbili mkononi, anayejiita wakala. Alimwambia dogo kwamba kuna majaribio ya kucheza mpira wa kulipwa Ulaya. Ulaya ipi, hakusema. Kinachotakiwa ni shilingi milioni mbili na nusu tu, za pasi, viza "na mambo mengine". Zikikosekana hadi mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine.

Milioni mbili na nusu kwa dada yangu maana yake ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na kinachopelea ni mkopo. Na yule ng'ombe si pambo. Maziwa yake ndiyo daftari, ndiyo sare, ndiyo mafuta ya taa zamani na sasa ndiyo vocha ya umeme.

Basi Jumamosi nikashuka Same stendi saa tisa alasiri, upepo ule ule wa Same unaokujaza vumbi mpaka masikioni. Nikabanwa kwenye Noah ya milimani, watu kumi na mmoja na gunia la sukari, tukaanza kupanda. Huko chini joto na mkonge, dakika chache tu ukipanda unaanza kuona migomba na unatafuta sweta. Nilifika giza linaingia.

Makande yaliletwa, tukala kimyakimya kama ilivyo desturi. Tulikuwepo dada, shemeji, mimi, baba mdogo ambaye ni mwalimu mstaafu, na mtuhumiwa mwenyewe, dogo, aliyekaa karibu na mlango kama mtu aliye tayari kukimbia.

Dada akafungua kikao. "Haya, sema mwenyewe mbele ya mjomba wako."

Dogo akajikaza. "Mjomba, Samatta angebaki Mbagala nani angemjua? Nafasi haiji mara mbili."

Jamani! Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zote, hiyo ikanikuta nimekaa vibaya, maana ni hoja nzuri. Lakini dogo alikuwa anajua mwanzo wa Samatta na mwisho wake. Katikati hakuwa anakujua. Nikamwambia, kaa vizuri tuhesabu ngazi.

Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992. Akiwa kijana mdogo wa Mbagala alichezea African Lyon ya Dar es Salaam. Mwaka 2010 akachukuliwa na Simba. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Klabu Bingwa Afrika, Wakongo wakamwona kwa macho yao akiwasumbua mabeki wao, wakamnunua. Wao ndio waliolipa. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa Mbagala.

"Baada ya hapo Ulaya," dogo akadakia.

Ngoja kwanza, bwana mdogo. Baada ya hapo ni Kongo, karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ikatwaa ubingwa wa Afrika na yeye akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Hapo ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua. Ubelgiji akakaa miaka minne, akachukua ubingwa msimu wa 2018/19 akifunga mabao 23 kwenye ligi, mwaka 2019 akaifunga Liverpool kwao Anfield. Ndipo Januari 2020 Aston Villa ikampeleka Ligi Kuu ya Uingereza, Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Alikuwa na miaka 27. Kutoka Simba hadi Aston Villa ni karibu miaka kumi, na kila ngazi aliyokanyaga ilikuwa na jina, na kila aliyempandisha alimwona kwanza akicheza.

Baba mdogo, aliyekuwa kimya na kikombe chake cha chai, akakohoa kile kikohozi cha walimu. Darasa likanyamaza.

"Mnajua kwamba Tanzania iliwahi kwenda Olimpiki kucheza mpira wa magongo?"

Dogo akacheka, akadhani ni utani. Si utani, msomaji. Ilikuwa Moscow, mwaka 1980. Marekani na nchi nyingi ziligomea michezo ile kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Kwenye hoki nafasi zikabaki wazi, zikatafutwa timu za kuziba, na Tanzania ikaalikwa. Vijana wetu walikuwa wachezaji wa klabu za hapa nyumbani, wenye kazi zao. Hawakuwa watu wa kulipwa. Walikwenda, wakapangwa na India, mabingwa wa mchezo ule tangu enzi za mkoloni.

"Tulifungwa ngapi?" akauliza shemeji, ambaye alikuwa hajatia neno tangu makande.

"Kumi na nane kwa sifuri."

Loh! Hata ng'ombe kule bandani alinyamaza. Mwalimu akaendelea kutaja bila huruma: Hispania 12, Urusi 11, Poland 9, Cuba 4. Katika mechi tano hizo tumefungwa mabao 54, sisi tumefunga matatu. Tukawa wa sita kati ya timu sita.

"Siwacheki," baba mdogo akasema. "Walikwenda, walicheza mechi zote, hawakukimbia. Lakini walipewa ngazi ya juu kabisa bila kupitia za katikati. Olimpiki ile ile, Filbert Bayi alipata medali ya fedha mbio za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata ya fedha mita 5,000. Hao walikuwa wameshakimbia na dunia miaka mingi. Na mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki nchi hii inazo."

Halafu, kwa kuwa ni mwalimu wa haki, akaharibu somo lake mwenyewe. "Ila lazima niseme yote. Wanawake wa Zimbabwe nao walialikwa kuziba nafasi, dakika za mwisho kabisa, mwaka ule ule, mchezo ule ule. Wakachukua dhahabu."

Dogo aliruka kama kafunga goli. "Umeona! Umeona mjomba!"

"Kaa chini," mwalimu akamwambia. "Wale walikuwa wamecheza miaka na miaka kwenye klabu zao. Mwaliko uliwakuta tayari wanajua. Wewe unataka mwaliko uje ukufundishe."

Nikaona tumempiga dogo mangumi mengi, nikatafuta mtu wa nje. Tunaye binamu yetu Kanada, na mwanawe anacheza hoki, ile ya kwenye barafu. Nikampigia kwa video, huko kwao ilikuwa mchana, akatokea na kofia la sufi. Dada akamwuliza kwa nini amekonda, tukapoteza dakika tano. Tulipoingia kwenye hoja, binamu akatupa kisa ambacho sikuwa nakijua.

Yupo kijana aliyezaliwa Montreal mwaka 1996, wazazi wake wametoka Kongo, jirani zetu hapa. Anaitwa Bokondji Imama, wenyewe humwita Boko. Kama watoto wote wa kule alianza kwenye timu za watoto, akapanda hadi ligi ya vijana ya Quebec. Sasa huko wana utaratibu wao. Kila mwaka klabu za ligi kubwa ya hoki, NHL, hukaa na kuchagua vijana wa miaka 18 na kuendelea, mmoja mmoja kwa zamu. Mwaka 2015 Tampa Bay Lightning wakamchagua Boko. Alikuwa wa 180.

"Akatoboa!" dogo akasema.

"Hapana," binamu akajibu. "Kuchaguliwa si kucheza. Kwa Tampa hakucheza mechi hata moja ya ligi kubwa. Walimrudisha ligi ya vijana, msimu wa 2016/17 akafunga mabao 41. Haki zake zikauzwa kwa Los Angeles Kings. Nao wakamweka kwenye ligi ya chini yake, inaitwa AHL, akakaa huko misimu minne. Akahamia upande wa Arizona, bado ligi ya chini. Januari 2022 mchezaji wa timu pinzani akamfanyia ishara ya nyani uwanjani. Yule mtu alifungiwa mechi 30. Boko akaendelea kucheza. Aprili mwaka huo huo, ndipo Arizona Coyotes wakamwingiza mechi yake ya kwanza ya NHL."

Nikafanya hesabu kwa vidole. Tangu achaguliwe hadi aguse barafu ya ligi kubwa ni karibu miaka saba. Miaka saba, msomaji, na huyo ni mtu ambaye karatasi ya kuchaguliwa alikuwa nayo!

Dogo naye si mjinga. Akauliza, "Anko, kwani wewe hulipi kitu mwanao acheze?"

Binamu akacheka mpaka simu ikatikisika. "Nalipa! Viatu vya kutelezea, kofia, magongo, ada ya timu, petroli, na saa kumi na moja alfajiri nampeleka uwanjani kwenye baridi. Hoki inanifilisi. Lakini elewa, mjomba. Mimi nalipa ajifunze. Silipi aajiriwe. Siku timu ya kulipwa ikimtaka, yenyewe ndiyo itatoa pesa. Ndiyo maana inaitwa ya kulipwa. Ukiona unalipa wewe ili uwe wa kulipwa, hapo aliyelipwa ni mwingine."

Kikao kizima kikasema "Eee!" isipokuwa mmoja. Dogo aliinama, machozi yanamlenga, kisha akanitazama machoni na kusema neno ambalo kwa umri wake hakutakiwa kusema.

"Mjomba, wewe unaongea tu. Kwani wewe ulicheza wapi?"

Dada akanyanyua mkono amzabe. Nikamzuia. Swali lilikuwa la haki, na jibu lake nilikuwa nimelificha miaka thelathini na ushee.

Wapenzi wasomaji, miaka yote ninayoandika humu nimewasimulia mambo mengi ya watu. Hili langu sijawahi. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 19, nikicheza timu ya mtaani pale Same, na watu walikuwa wakishuka kwenye mabasi kuniangalia. Akatokea bwana mmoja akasema klabu za Oman zinataka vijana. Zama zile kila mtu alikuwa na rafiki wa rafiki anayecheza Uarabuni. Alitaka pesa. Baba aliuza fahali.

Tukavuka Holili, tukapita Taveta na Voi, tukafika Mombasa usiku. Tukalala nyumba ya wageni. Siku ya pili akachukua pasi yangu akasema anafuata tiketi. Nilimsubiri siku tisa. Siku ya kumi niliuza viatu vyangu vya mpira nikapata nauli, nikarudi nyumbani na ndala.

Niliingia hapa hapa, kwenye chumba hiki tulichokalia kikao. Baba alikuwa anasikiliza redio. Alinitazama miguuni, akaona zile ndala, akaniuliza neno moja tu: "Umekula?" Mpaka tunamzika mwaka 2004 hakuwahi kunitajia yule fahali.

Nilipomaliza kusema nikamwona dada kashika shavu. "Mimi baba aliniambia fahali aliuzwa kwa matibabu ya mama," akasema taratibu. Miaka yote hiyo! Baba alinifichia aibu hata kwa dada yangu wa tumbo moja.

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Halafu shemeji akasema, "Mpigie huyo wakala. Weka sauti kubwa."

Nikampigia. Nikajitambulisha kwa adabu, mjomba wa kijana, nikamwuliza mambo manne. Klabu gani inamtaka mtoto, na barua yake iko wapi? Leseni yake ya uwakala kutoka FIFA ni namba ngapi? Mtoto ana miaka 16, na sheria za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Yeye atapitia sababu ipi? Na mwisho, kama klabu inamtaka, kwa nini nauli nitoe mimi?

Akasema, "Mzee, nafasi ni moja. Kama hamna imani nampa mwingine." Akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Sisemi ni tapeli. Mimi ni Mpare, bila ushahidi sifungui kesi. Nasema tu kwamba maswali yalikuwa manne na majibu yalikuwa sifuri, kama sisi kwa India.

Sasa hapa ndipo wazee wengi tunapokosea. Tukishamkatalia mtoto tunaona kazi imekwisha, tunakwenda kulala. Dogo alinifuata nje, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mjomba, mimi nifanyeje? Vudee huku nani ataniona?"

Ni kweli. Vudee hakuna atakayemwona. Sikumdanganya. Nikamwambia ngazi za hapa nyumbani tunazijua: shule, wilaya, mkoa, taifa katika UMISSETA, na huko juu makocha wanakuja kuangalia. Ipo ligi ya wilaya na ya mkoa. Klabu za Ligi Kuu zina timu za vijana chini ya miaka 20. Likizo ya Desemba atakuja kwangu, nitamzungusha mwenyewe kwenye timu hizo akafanye majaribio. Gharama yake ni nauli ya basi na viatu, na hivyo nitatoa mimi. Viatu nina deni navyo tangu Mombasa.

Na nikamwambia na lile ambalo wakala hasemi: wengi hawafiki. Vijana wazuri kuliko yeye wameishia ligi ya mkoa. Ndiyo maana kidato cha nne kinamalizwa kwanza.

"Na wasipomwona?" dada akauliza, alikuwa anatusikiliza dirishani.

"Atakuwa na cheti, na wewe utakuwa na ng'ombe."

Nisiwadanganye kwamba tulikumbatiana. Asubuhi dogo alinisalimia "shikamoo" ya kukata kona na hakunisindikiza kwenye gari. Lakini Noah ilipokuwa inashuka, kwenye kona ya pili tulimpita mtu anakimbia kuupanda mlima, sweta kafunga kiunoni. Dereva akapiga honi. Hakugeuka.

Nawe mzazi uliye Same, Hedaru, Usangi au popote, na mwanao anajua mpira, nakuachia haya. Mlipie mwanao viatu, mlipie nauli ya kwenda kucheza, hata kocha mpe ahsante yake. Hiyo ni karo ya kujifunza. Mtu akikudai pesa ili mwanao apewe kazi ya mpira, mwulize yale maswali manne, na umwulize kabla hujafungua kamba ya ng'ombe. Mawakala wenye leseni wapo, majina yao FIFA inayaweka hadharani. Na ujue kwamba mtoto akisajiliwa kweli nje, sheria zinaitaka klabu mpya izilipe fidia klabu zilizomlea. Mpira wa kweli, pesa inarudi kijijini.

Ng'ombe hajambo, anakamuliwa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.